Uzi: Gazeti linafungwa na mkono uleule unaolifungua. Huo ni uhuru au hisani?

KALAMU BUTU (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba vyombo vya habari Tanzania vimekuwa huru tangu 2021, na ushahidi wake ni yale magazeti manne yaliyorudishiwa leseni. Pale nilishindwa kumjibu, ana sauti kubwa kuliko yangu. Namjibu hapa.

Nianze na Mseto, maana wengi mmeshalisahau. Agosti 2016 gazeti hilo liliandika tuhuma za rushwa zilizomgusa kiongozi wa serikali. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akalifungia miaka 3. Alitumia Sheria ya Magazeti ya 1976, ambayo ilimruhusu waziri kuamka asubuhi, akaona gazeti halifai, na kufikia jioni halipo mezani. Wenye gazeti walikwenda Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 21 Juni 2018 wakashinda. Majaji walisema katazo lile lilivunja Mkataba wa Jumuiya na liondolewe.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kifungo kilikuwa cha miaka 3, kwa hiyo hata wasingefungua kesi, Agosti 2019 kingekwisha chenyewe. Leseni wameipata 10 Februari 2022. Washindi wa kesi wamekaa nje miaka mitano na nusu kwa adhabu ya miaka mitatu! Na aliyesimama siku ile kuwakabidhi leseni, pamoja na Mawio, MwanaHALISI na Tanzania Daima, alikuwa nani? Nape Nnauye, aliyekuwa amerudi wizarani mwezi mmoja kabla.

Simsemi kwa ubaya. Kwanza yeye mwenyewe amewahi kuionja. Machi 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia usiku katika ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Nape akaunda kamati, kamati ikaleta ripoti, na tarehe 23 Machi yeye ndiye akaondolewa uwaziri. Alipotaka kuongea na waandishi hotelini akazuiwa, mtu mmoja akamtolea bastola hadharani, akaishia kuongea akiwa amesimama juu ya gari lake. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kufungia gazeti lolote nchini alikosa hata ukumbi wa kuongelea. Ile picha huwa inanijia kila ninaposikia mtu anasema "tumepata waziri mzuri". Waziri mzuri anaondoka na gari lake. Rungu linabaki ofisini.

Ndiyo hoja yangu yenyewe. Tunapoteza muda kubishana kama vyombo vya habari vidhibitiwe au viachwe. Mimi nataka kujua swichi iko mkononi mwa nani, na huyo mtu akikosea, anazimwa na nani.

Kuna jambo lilipita kimya mwaka 2017 na mimi naliona kubwa kuliko kufungiwa kokote. Chini ya sheria ya 1976 gazeti lilisajiliwa, basi. Ni kama cheti cha kuzaliwa: ukishazaliwa umezaliwa, hata wakikuchukia. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na Agosti 2017 Maelezo, yaani Idara ya Habari ya serikali, wakatangaza kwamba magazeti yote, hata yenye umri wa baba zetu, yaombe leseni upya. Leseni yenyewe ni ya mwaka mmoja. Tukahama kutoka cheti cha kuzaliwa kwenda leseni ya baa. Mwenye baa mnamjua anavyoishi: hagombani na afisa biashara, hagombani na afya, hagombani hata na mgambo, kwa sababu Desemba inakuja. Mhariri naye Desemba inakuja.

Halafu angalieni makosa yenyewe. The Citizen walifungiwa siku 7 mwaka 2019 kwa habari ya shilingi kushuka mbele ya dola. Wauza maduka ya fedha walikuwa wanaijua, wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wanaijua, kosa likawa kuichapa. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu vurugu za uchaguzi mdogo wa madiwani. Wala hawakuitunga wao. Waliitwa kwenye mkutano, wakaenda na kamera kama kazi inavyotaka.

Na mwisho niseme langu, kwa sababu yote hayo juu ni ya wakubwa wa Dar.

Nimeripoti mkoani miaka tisa, nikilipwa kwa stori. Nilikuwa na stori ya mradi wa maji: mabomba yamezikwa, maji hakuna, fedha imetoka yote. Taasisi ni ya umma, siitaji. Nilikuwa na nyaraka, nilikuwa na picha, mpaka fundi aliyechimba mtaro alikubali kuongea. Stori ikakaa mezani kwa mhariri wiki mbili. Wiki ya tatu nafungua gazeti nakuta ukurasa mzima wa rangi, taasisi ileile inawatakia wananchi heri ya Wiki ya Maji. Nikampigia mhariri. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, mshahara wa mwezi huu umetoka kwenye ukurasa huo."

Hakuna waziri aliyepiga simu. Hakuna barua ya Maelezo. Na ile stori hamtaiona kwenye ripoti yoyote ya magazeti yaliyofungiwa, maana gazeti halikufungiwa. Lilitoka Jumatatu kama kawaida, na tangazo lake la rangi.

Na bado ukijitia ujasiri ukamwandika mkubwa, unashtakiwa kwa kashfa kama jinai, unalala ndani. Karibuni tuchangie.

MZUKULU

Nimesoma mpaka mwisho. Kiti cha mbele hiki, naomba na kashata.

BINT LINDI

Kaka Kalamu, hapo kwenye leseni umenigusa kidonda.

Mimi nilikuwa na blogu ya wilayani kwetu. Bei za korosho, misiba, matokeo ya kidato cha nne, mechi za mtaani, nani kachaguliwa mwenyekiti wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Sikuwahi kuandika siasa hata siku moja, siasa zenyewe sizipendi. Zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Ada ya maombi laki moja, leseni milioni moja, na ada ya mwaka milioni moja nyingine. Milioni mbili na laki moja, kwa blogu ambayo tangazo lake kubwa lilikuwa la fundi cherehani aliyenilipa kwa kunishonea gauni.

Sikufungiwa na mtu. Nilizima mwenyewe usiku, nikalala. Baadaye nasikia ada zimepunguzwa, ila nilishaanza kuuza dagaa na wateja wangu walishahamia kwenye makundi ya WhatsApp. Na huko sasa ndiko uongo ulikojaa! Mtu anatangaziwa kafa naye yuko shambani anapalilia. Walitaka kuzuia upotoshaji, wakaniondoa mimi niliyekuwa napiga simu kuhakikisha, wakaacha asiyepiga simu.

MZEE WA RUSUMO

Vijana, shikamooni mnaostahili, na wengine marahaba.

Mnaongea vizuri lakini mnaongea kama watu ambao hawajaona chombo cha habari kikiua. Mimi ni wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa darajani Rusumo, mpakani na Rwanda, walipovuka wakimbizi robo milioni kama siku moja tu. Tulishaanza kuona miili kwenye mto Kagera kabla yao, inakuja na maji kuelekea ziwani. Kwa wiki nyingi huku hatukula samaki.

Wale watu walikuja na redio zao ndogo begani. Wengine wakiwa wameacha sufuria, redio wameibeba. Redio yenyewe ni RTLM, ile ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari, ikipiga muziki mzuri sana, watangazaji wacheshi, ndipo linatajwa jina la mtu na mtaa anaoishi. Mnajua kilichofuata.

Kwa hiyo mtu akiniambia serikali isiwe na swichi, mimi namuuliza: siku redio kama ile ikifunguliwa kwako, utamwandikia mhariri barua ya malalamiko? Mtasubiri Baraza la Habari likae kikao?

JIRANI WA NAMANGA

Hamjambo majirani. Mzee hapo amenena, na sisi Kenya tuna yetu. 2007 baada ya uchaguzi baadhi ya redio za lugha za mama zililaumiwa kwa kuchochea, hadi mtangazaji mmoja akajipata Hague, kwa mahakama ya kimataifa ya jinai, na kesi yake ikaisha 2016 bila hukumu ya hatia. Kwa hivyo hatusemi redio ni malaika.

Lakini niwaambie kitu kuhusu swichi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 34, ni tamu kweli kweli. Inasema Dola isiingilie mtangazaji wala mchapishaji, wala isimwadhibu mtu kwa maoni yake. Mkisoma mtatuonea wivu. Sasa 30 Januari 2018 Raila Odinga wa upinzani alikuwa anajiapisha pale Uhuru Park. NTV, KTN na Citizen zikazimwa. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu ikaamuru ziwashwe. Unajua nini kilifanyika? Hakuna. Siku zikapita, amri ya korti iko kwa karatasi na televisheni ziko giza. Juni 25, 2025, vijana wakiwa barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa tena amri hakuna kupeperusha maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha hiyo amri.

Kwa matangazo ndiyo sisi tuliwatangulia. 2017 serikali ilikusanya matangazo yake yote kwa kijarida kimoja, MyGov, na magazeti yakaanza kunyenyekea ili yapewe kukisambaza. 2024 wakataka matangazo ya redio na TV yaende KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Deni ambalo serikali inadaiwa na vyombo vya habari linazungumziwa kila mwaka kama mvua. Huyo mhariri wako wa Wiki ya Maji yuko pia Nairobi, ako na tai tu.

WAKILI WA VUMBI

Mleta uzi, nakuunga mkono kwa mengi, ila sentensi yako ya mwisho imepitwa na wakati na lazima irekebishwe, wasomaji wasipotoke.

Kashfa haiko tena kwenye makosa ya jinai ndani ya Sheria ya Huduma za Habari. Iliondolewa na marekebisho yaliyopita bungeni Juni 2023. Anayekashifiwa aende mahakamani kudai fidia kama madai mengine. Marekebisho hayohayo yaliondoa kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Habari, yule bosi wa Maelezo, mamlaka ya kuratibu matangazo ya serikali. Kwa hiyo lile lako la tangazo la rangi lilikuwa na msingi wa kisheria zamani. Sasa limebaki na msingi wa tumbo tu, ambao hauhitaji kifungu.

Leseni ya gazeti, hata hivyo, imebaki mikononi mwa Mkurugenzi yuleyule, mteule wa serikali.

Niwakumbushe mambo mawili ambayo hayasemwi sana. La kwanza, Ibara ya 18 ya Katiba yetu ilibadilishwa 2005. Zamani uhuru wa maoni ulitolewa "bila ya kuathiri sheria za nchi", maana yake sheria yoyote iliweza kuula. Mwaka 2005 maneno hayo yaliondolewa. Kwenye karatasi tulipiga hatua kubwa. Miaka kumi na moja baadaye ikaja sheria ya 2016, na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika shauri la Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mtandao wa watetezi wa haki, ikasema vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba: uchochezi, habari za uongo, kashfa, ithibati ya waandishi, na mamlaka ya waziri kuzuia machapisho. Serikali ikachukua miaka minne kugusa baadhi.

La pili ni la Ghana. Katiba yao ya 1992, Ibara ya 162, inakataza sheria yoyote itakayomtaka mtu apate leseni ndipo aanzishe gazeti. Imeandikwa ndani ya Katiba, waziri hawezi kuifikia. Redio ni suala jingine, masafa ni machache kama viwanja vya barabarani, lazima mtu agawe. Lakini karatasi na wino vina uhaba gani hata vigawiwe na Maelezo?

KALAMU BUTU

Wakili, nimekubali kosa. Nilikariri sheria ya zamani, shukrani kwa kunirekebisha hadharani. (Mnaona? Nimerekebishwa bila kufungiwa.)

Mzee wa Rusumo, shikamoo. Swali lako limenikalisha, nimelizunguka tangu jana. Naomba nikujibu kwa historia hiyohiyo ya RTLM, kwa sababu nadhani inasema kinyume cha unavyoitumia.

Ile redio haikuwa ya kihuni iliyojificha porini. Ilianza kurusha Julai 1993, na nyuma yake walikuwa watu wa karibu kabisa na watawala, wenye fedha na vyeo. Ilikuwa na makubaliano rasmi na serikali. Na swichi ilikuwepo! Waziri wa Habari wa Rwanda wakati ule, Faustin Rucogoza, aliwaita viongozi wa RTLM mara mbili, Novemba 1993 na Februari 1994, akawaonya kwamba wanachochea. Alikuwa na ofisi, cheo na mhuri. Hawakumjali, kwa sababu waliokuwa nyuma ya redio walikuwa wazito kuliko waziri. Aprili 1994 aliuawa, miongoni mwa wa kwanza kabisa.

Mzee, ndiyo maana nilileta picha ya Nape juu ya gari. Nchi ni tofauti, uzito wa mambo hauko karibu hata kidogo, nisieleweke vibaya. Ila waziri ni mtu wa mkubwa wake. Swichi yake inafanya kazi vizuri sana kwa gazeti la wanyonge na inagoma kwa redio ya wenye nguvu. Waliokuja kuwahukumu watu wa RTLM na gazeti la Kangura walikuwa majaji, Desemba 2003, na walikaa Arusha, mji uleule lilikoshinda Mseto.

MZUKULU

Arusha wanatoa hukumu tu, sisi huku tunatoa udhuru.

FUNDI MITAMBO

Naongea kama mtu wa mitambo, siasa nawaachia nyie.

Mnabishana kuhusu waziri kama vile bado tuko enzi ya karatasi. Oktoba 2024 Mwananchi walisimamishiwa leseni zao za mtandaoni siku 30 kwa kibonzo cha video kuhusu watu waliopotea. Gazeti la karatasi liliendelea kuuzwa. Wa mezani wanasoma, wa simu hawasomi, na wa simu ndio wengi. Ile amri haikutoka kwa waziri wa habari, ilitoka kwa mdhibiti wa mawasiliano. Na Oktoba 2025 siku ya uchaguzi hapakuhitajika kufungia chombo hata kimoja: intaneti ilizimwa nchi nzima, siku kama tano. Wote, wazuri na wabaya, mtangazaji na muuza dagaa. Bint Lindi alizima blogu yake kwa kukosa milioni mbili. Siku zile hata mwenye bilioni hakurusha kitu.

Zamani kufungia gazeti kulimlazimu mtu aandike barua, asaini, ataje kifungu, na barua hiyo ndiyo iliyopelekwa Arusha ikashinda. Sasa mnara ukizimwa, mtapeleka nini mahakamani?

BINT LINDI

Mimi siku zile tano nilikuwa na mzigo wa dagaa njiani na sijui dereva kafika wapi. Tulirudi kwenye redio. Taarabu asubuhi mpaka jioni, na taarifa ya habari inasema hali ni shwari. Huku jirani yetu anatafuta mtoto wake aliyeko Dar na simu hazieleweki. Nikasema hapa ndipo mtu anapoelewa maana ya mwandishi wa habari, kama vile unavyoelewa maana ya choo siku kimeziba. Samahanini kwa mfano.

WAKILI WA VUMBI

Fundi, umeuliza swali la mtihani. Kisheria mlalamikaji anaweza kuthibitisha kwamba huduma ilikatika na kumtaka mwenye mamlaka aeleze. Ugumu uko kwenye uchunguzi: nani alisaini. Nami ningependa sheria iseme wazi kwamba amri yoyote ya kuzima, iwe mnara, iwe redio, iwe tovuti, iandikwe, itaje kifungu, itangazwe saa hiyohiyo, na iende mbele ya jaji wa zamu ndani ya saa 72. Jaji asipoithibitisha, inakufa yenyewe. Serikali ibaki na uwezo wa kuzima moto, ila isibaki na uwezo wa kukaa kimya baada ya kuuzima.

KALAMU BUTU

Hii naichukua. Mzee wa Rusumo, unasemaje? Dharura ipo, swichi ipo, lakini ina mwenye kuihoji.

JIRANI WA NAMANGA

Jaji akiamuru na hawatii, kama 2018? Hiyo nayo mtaandika kwa sheria?

MZEE WA RUSUMO

Nimesoma yote, mjukuu wangu kanisomea mengine kwa sababu miwani imevunjika.

Habari za huyo waziri Rucogoza sikuzijua. Nilikuwa naamini miaka yote hii kwamba hakuna aliyesema. Kumbe alikuwepo aliyesema, na cheo alikuwa nacho. Hilo limenisumbua usiku.

Wakili, la kwako ni zuri na lingenifaa kwa magazeti ya kila siku, ya shilingi kushuka na maji ya bomba. Lakini saa 72 ni nyingi, mwanangu. Pale Rusumo nilihesabu mwenyewe, nikaacha kuhesabu kabla ya saa sita mchana.

WAKILI WA VUMBI

Shikamoo mzee. Tuseme 24?

MZEE WA RUSUMO

Marahaba. Sijui. Wewe ndiye wakili.